Kupima nikeli inavyopenya ndani ya shaba kwa leza: kata mshazari, usichimbe shimo

Mtu akishika kipande cha shaba mkononi anaona kitu kimetulia kabisa, kumbe ukikipa moto wa kutosha atomu zake zinahamahama humo ndani, moja inaruka kwenye nafasi iliyo wazi, nyingine inafata, na kama juu yake umepaka metali nyingine basi atomu ngeni nazo zinaanza safari ya kushuka chini taratibu. Hiyo ndo difyusheni. Sio jambo la vitabuni tu, ukifungua simu au kompyuta pini nyingi za kuunganishia ni shaba iliyopakwa dhahabu, na katikati wanaweka tabaka la nikeli kwa sababu bila hiyo nikeli shaba inapanda hadi juu ya dhahabu, inaota kutu pale juu na umeme unaanza kupita kwa shida. Aliyeamua hilo tabaka liwe nene kiasi gani alihitaji namba, yaani kasi ya atomu kusambaa, na hiyo namba mtu alikaa maabara akaipima.

Mwongozo huu ni wa kupima hiyo namba kwa leza, na mfano wangu ni nikeli ndani ya shaba. Nimeuchagua makusudi. Nikeli na shaba zinachanganyika kwa kiwango chochote bila kutengeneza kampaundi za ajabu katikati, nikeli haifuki kama zinki (zinki inachemka kwenye 907 °C, ukiipasha nusu inaishia hewani), na kuipaka kwa umeme ni kazi ya kawaida kabisa. Ukiiweza hii, mchanganyiko mwingine utaujaribu ukiwa na miguu imara.

Jambo moja nataka ulishike kabla hatujaanza, kwa sababu mi lilinigharimu miezi. Kwenye kazi hii leza sio sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni kujua ulipopima ni kina gani. Kina kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimepigwa skwea, kwa hiyo ukikosea kina kwa asilimia 10 jibu lako limekosea kwa asilimia 20 hivi, hata kama spektromita yako (kifaa cha kutenganisha na kupima rangi za mwanga) ni ya bei ya nyumba. Mara ya kwanza mimi nilichimba shimo kwa leza palepale juu ya sampuli, mapigo mia kadhaa sehemu moja, nikawa nahesabu kila pigo linachimba kiasi fulani, nikapata jibu karibu mara tatu ya lile la vitabuni. Leza ilikuwa nzima, spektra zilikuwa safi, tatizo lilikuwa shimo. Nitaeleza mbele.

Kwanza uelewe tunachotafuta

Adolf Fick, Mjerumani aliyekuwa mwanafiziolojia, mwaka 1855 ndo aliandika mlinganyo tunaoutumia hadi leo. Kwa metali ngumu aliyefungua njia ni William Roberts-Austen, aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha sarafu cha serikali pale London, mwaka 1896 alitangaza vipimo vya dhahabu inavyosambaa ndani ya risasi: anapasha, anakata risasi vipande vipande, kila kipande anapima dhahabu iliyomo ni kiasi gani. Angalia vizuri alichofanya, maana sisi tunafanya kilekile, tofauti ni kwamba badala ya kupeleka kila kipande kwenye kemia tunakipiga leza kinatoa mwanga na mwanga unatuambia.

Ukipaka tabaka jembamba sana la nikeli juu ya shaba nene halafu ukapasha kwa muda t, kiasi cha nikeli kwenye kina x kinakuwa

C = (M / √(πDt)) · exp(−x² / 4Dt)

M ni kiasi cha nikeli ulichopaka, D ndo namba tunayoitafuta. Usiogope huo mlinganyo, maana yake ni kwamba ukichora logi asili ya C dhidi ya x², yaani kina kipeo cha pili, unapata mstari ulionyooka unaoshuka, na mteremko wake ni −1/(4Dt). Muda unaujua, basi D unaipata. Kingine kizuri, hauhitaji kujua asilimia halisi ya nikeli! Ukizidisha C zote kwa namba yoyote mstari unapanda au unashuka lakini mteremko haubadiliki. Unachohitaji ni kwamba mwanga unaoupima uwe unaongezeka sawasawa na nikeli, nikeli ikiwa mara mbili mwanga uwe mara mbili. Hilo linakupunguzia mzigo mkubwa sana.

Andaa shaba

Tafuta shaba isiyo na oksijeni, sio kopa yoyote ya waya au ya bomba. Sababu ni hii, kama utapasha kwenye gesi yenye haidrojeni, shaba yenye oksijeni ndani inatengeneza mvuke wa maji kwenye mipaka ya punje zake (vifuwele vidogo vinavyounda metali) na inapasuka kwa ndani. Unaweza usione kwa macho, ila nikeli itapita kwenye hizo nyufa kama maji kwenye mchanga na wewe utadhani ni difyusheni.

Kata vidiski vya kipenyo kama milimita 15, unene 4 au 5. Alafu pasha vyote kwanza, bila nikeli, kwenye joto kubwa kuliko lolote utakalotumia baadae. Mimi nilikuwa naenda hadi 1000 °C kwenye vipimo, kwa hiyo hii ya awali niliifanya 1030 °C siku nzima (shaba inayeyuka 1085 °C, kuwa makini na tanuru lako maana matanuru mengine yanaruka digrii 30 bila kukuuliza). Kazi ya hili joto la awali ni kukuza punje. Atomu zinapita haraka zaidi kwenye mpaka kati ya punje na punje kuliko katikati ya punje yenyewe, sasa kama shaba yako ina punje ndogondogo mipaka ni mingi na unachopima ni mchanganyiko wa vitu viwili. Punje zikiwa kubwa na zimeacha kukua, tatizo linapungua sana. Ukiweza kupata kristali moja ni bora zaidi lakini bei yake sio ya mwanafunzi.

Sasa sawazisha nyuso mbili, ya juu na ya chini, ziwe sambamba. Hapa usifanye haraka. Pima unene kwa maikromita sehemu tano, katikati na pembeni nne, tofauti isizidi mikroni 2 au 3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Utaona baadae kwa nini nasisitiza, huo usambamba ndo rula yako. Msasa laini, kisha almasi ya mikroni 3, ya mikroni 1, alafu kama una asidi ya fosforiki ngʼarisha kwa umeme ili uondoe ile ngozi iliyoumizwa na msasa, maana shaba ni laini na msasa unaacha tabaka lililovurugika.

Paka nikeli

Bafu la Watts linatosha: nikeli salfeti, nikeli kloridi na asidi ya boriki, pH karibu 4, joto 50 hadi 60 °C. Kidiski kichovye kwanza kwenye asidi ya salfuri iliyozimuliwa, suuza, kiingie bafuni kikiwa bado kibichi, kisikauke njiani. Ficha mgongo na kingo kwa vanishi au rangi ya kucha, tunataka nikeli upande mmoja tu.

Unene tunaoutaka ni nusu mikroni hivi. Kwa hesabu ya Faraday mikroni moja ya nikeli inahitaji kama kulombu 2.9 kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo nusu mikroni ni 1.5, na kwa mkondo wa miliampia 20 kwa sentimita mraba hiyo ni sekunde 75 tu, weka na sekunde chache za ziada maana umeme wote hauishii kwenye nikeli, sehemu kidogo inatoa haidrojeni. Kwa nini jembamba hivo? Kwa sababu ule mlinganyo wa juu unadai tabaka liwe dogo sana ukilinganisha na safari ya atomu, na pia nikeli ikizidi kwenye shaba D yenyewe inabadilika, unakuwa unapima kitu kinachogeuka unapokipima. Nusu mikroni ikisambaa kwenye mikroni 50 inakuacha na asilimia moja hivi pale juu, hiyo ni safi kabisa.

Chumvi za nikeli zinaleta saratani na mzio wa ngozi. Glovu, miwani, na usimwage bafu lililochakaa kwenye sinki. Hili silisemi kwa kutimiza wajibu, nimeona mikono ya mafundi wanaochovya nikeli bila glovu na haifai kuigwa.

Tenga kidiski kimoja kilichopakwa ambacho HAKITAPASHWA. Kiite sampuli ya sifuri, kiandike namba, kifiche. Bila hicho hauna kipimo.

Pasha

Fungia kila kidiski kwenye kichupa cha kwatsi kilichotolewa hewa, kikae ndani ya kikombe cha grafiti kisigusane na kwatsi, au tumia tanuru la bomba lenye agoni iliyochanganywa haidrojeni kidogo. Thamokapo (kipima joto cha waya) iwe karibu kabisa na sampuli, sio ile ya ukutani mwa tanuru.

Joto nalo lina ukali wake. Kwa nikeli ndani ya shaba nishati ya kuhama iko karibu kilojouli 236 kwa moli, ukipiga hesabu kwenye 900 °C kila digrii moja unayokosea inabadilisha D kwa asilimia 2. Digrii tano, asilimia 10. Kwa hiyo kama thamokapo yako ni ya zamani ihakiki kwanza, fedha inayeyuka 961.8 °C, kipande kidogo cha waya wa fedha safi kinakuambia ukweli.

Muda upange kwa kila joto ili safari ziwe karibu sawa, yaani 2√(Dt) iwe mikroni 50 hivi. Kwa namba za vitabuni (D₀, yaani D ya kinadharia joto likiwa halina mwisho, karibu 2.7 × 10⁻⁴ m² kwa sekunde) inakuja hivi: 1000 °C saa 3 na robo, 950 °C saa 8, 900 °C saa 22, 850 °C siku mbili na nusu kuelekea tatu, na 800 °C ni karibu siku 9. Ndio, siku 9 tanuru linawaka mfululizo, panga na wenzako mapema na uombe Mungu umeme usikatike, kama huko uliko umeme ni wa kusuasua basi 800 iache, anza na 850. Ingiza sampuli tanuru likiwa tayari lina joto lake, na ukitoa zamisha kwenye maji palepale ili saa isimame. Zile dakika za kupanda joto ziandike, kwenye kipimo cha saa 3 dakika 10 sio kitu kidogo.

Sasa kwa nini usichimbe

Leza ikipiga sehemu moja mara nyingi inachimba shimo, na kila pigo linakupa spektra ya kina kinachofata, kwa hiyo inaonekana kama njia ya mkato nzuri sana. Kwa tabaka la mikroni chache, sawa, watu wanafanya na inafanya kazi. Lakini sisi tunataka kwenda mikroni 100 au zaidi, na doa la leza lina upana wa mikroni 80. Ukifika kina kinacholingana na upana, shimo limekuwa kama kisima. Miale ya leza kwa kawaida ina nguvu katikati na inafifia pembeni kwa hiyo shimo linakuwa na umbo la koni, kila pigo jipya linalamba pia kuta, na kuta za juu ndo zina nikeli nyingi, unaipima tena na tena ukidhani imetoka chini. Pigo lenyewe linayeyusha shaba na kuichanganya, nyingine inaruka inarudi kuganda mdomoni mwa shimo. Alafu kadri shimo linavyozama kila pigo linachimba pungufu kuliko lililotangulia, kwa hiyo ile hesabu ya "kila pigo ni nusu mikroni" inakufa. Makosa yote hayo yanasukuma upande mmoja: nikeli inaonekana imefika mbali kuliko ilivyofika, D inakuwa kubwa. Ndo mara tatu yangu ile.

Dawa yake ni mshazari. Badala ya kwenda chini na leza, unasaga sampuli kwa pembe ndogo sana ili kina chote kitokeze juu, alafu unatembeza leza kwa mlalo. Kwa pembe ya digrii 1, mikroni 150 za kina zinakuwa milimita 8.6 juu ya uso. Mara 57! Doa la mikroni 80 kwenye huo mshazari linafunika kina cha mikroni 1.4 tu. Nilipoliona hili kwa macho yangu, ile milimita nane ikiwa imelala pale kama barabara, nilijua naacha kuchimba.

Kukata mshazari

Kwanza linda uso. Kabla ya kusaga paka shaba kwa umeme juu ya sampuli iliyopashwa, mikroni 20 hivi. Ina kazi mbili, inazuia ukingo usimomonyoke na kuviringika wakati wa kusaga, na inakuonyesha sifuri iko wapi: unapotembeza leza utaanza kwenye shaba tupu isiyo na nikeli, ghafla nikeli inaruka juu, hapo ndo x = 0. Usipake nikeli kama ulinzi, hili naliandika kwa sababu kuna mtu alilifanya na sampuli ya siku 9 ikapotea.

Tengenezesha kwa fundi wa leth au milingi kipande cha chuma chenye uso wa mteremko wa digrii 1. Gundisha kidiski kwa nta ya kuyeyusha, saga kwa msasa laini na maji, malizia na almasi ya mikroni 1. Saga kwa kufata upana wa mshazari, yaani kwenye mstari ambao kina ni kilekile, usisage kutoka juu kwenda chini ya mteremko. Shaba na nikeli zinapakazika, ukisaga kuelekea kwenye kina unaiburuta nikeli kuipeleka ambako haikufika yenyewe.

Ukimaliza yeyusha nta, toa kidiski, kisafishe, na sasa ile rula yetu inafanya kazi. Usiamini digrii 1 ya fundi. Pima unene wa kidiski kwa maikromita yenye ncha ndogo, sehemu mbili kwenye mshazari zilizoachana milimita 8 kwa mfano. Kama nyuso zilikuwa sambamba tangu mwanzo, tofauti ya unene ikigawanywa kwa umbali ndo mteremko wako halisi. Tuseme tofauti ni mikroni 146 kwa milimita 8.00, hapo kila milimita ukitembea umeshuka mikroni 18.25. Maikromita ya kawaida inasoma hadi mikroni moja, kwa hiyo uko ndani ya asilimia moja au mbili, kwa kifaa ambacho kila karakana inacho. Kama una profilomita (kifaa cha kuchora umbo la uso), vizuri zaidi, linganisha.

Na hapa niseme jambo kwa walio mbali na maabara kubwa. Kazi yote hadi hapa, kusaga, kupaka, kupasha, kukata mshazari, inawezekana karakana ya kawaida ya chuo yenye tanuru zuri. Leza ni siku moja. Unaweza kuandaa sampuli zako zote nyumbani na kuomba siku moja kwenye maabara yenye kifaa, na utafika ukiwa na sampuli bora kuliko wengi wanaokaa na hiyo leza mwaka mzima.

Leza yenyewe

Tunatumia njia ya kupiga pigo fupi la leza lenye nguvu hadi sehemu ndogo ya metali inageuka plasma, inafika joto la maelfu ya digrii, na atomu zikiwa zinapoa kila elementi inatoa mwanga wa rangi zake. Ni teknolojia ileile iliyoko kwenye gari la Curiosity kule Mars tangu 2012, linapiga mawe yaliyo hadi mita 7 na kusoma yametengenezwa na nini.

Leza ya Nd:YAG yenye mapigo ya nanosekunde 5 hadi 8 inatosha. Urefu wa wimbi wake wa asili ni nanometa 1064, lakini shaba iliyongʼarishwa inaakisi karibu yote ya hiyo, ni kama kioo. Tumia 266 ukiweza, au 355, au angalau 532, shaba inaimeza vizuri zaidi na kila pigo linakuwa sawa na mwenzake. Nguvu milijouli 2 hadi 5 kwenye doa la mikroni 80. Puliza agoni kidogo juu ya sampuli, mwanga unaongezeka na vumbi linaondoka, na hilo vumbi lina nikeli kwa hiyo livutwe na feni yenye chujio.

Miwani iwe ya urefu wa wimbi unaoutumia, miwani ya 1064 haikukingi na 266 na haikukingi na 532. Sampuli yako ni kioo kilichoinama, miale inayorudi haiendi ilikotoka, inakwenda pembeni. Kabla ya kuwasha fikiria inaenda wapi na uweke kizuizi. Jicho halioti tena.

Mara tu baada ya kila pigo unatoka mwanga mweupe mkali usio na maana, hiyo ni plasma ikiwa bado moto sana. Iambie kamera isubiri nusu mikrosekunde hadi mbili ndo ifungue, ikae wazi mikrosekunde kama 5. Jaribu kadhaa, chagua pale ambapo mstari wa nikeli (rangi yake maalumu kwenye spektra) unasimama juu zaidi ya mwanga wa nyuma.

Mistari ya nikeli: 341.48 na 352.45 nanometa, yote ni mikali. Ya shaba ya kulinganishia: 510.55, 515.32 au 521.82. Usitumie ile ya 324.75 na 327.40 hata kama inaonekana mizuri na iko karibu, kwenye shaba karibu safi mwanga wake unamezwa na shaba yenyewe iliyoko kwenye plasma, inajaa, haikuambii kitu. Kila mara gawanya nikeli kwa shaba, kwa sababu pigo moja likiwa na nguvu kidogo kuliko jingine yote miwili inashuka pamoja na uwiano unabaki.

Ile 341.48 nayo inaweza kumezwa nikeli ikizidi. Kwa hiyo tafuta hata vipande vitatu vinne vya shaba yenye nikeli inayojulikana, kati ya asilimia 0.05 na 2, uvipige na uchore. Ukiona mstari umenyooka umepona, ukiona unapinda na kulala kule juu basi tumia huo mchoro kusahihisha, au tupa pointi za juu.

Kutembea: anza kwenye shaba ya ulinzi, nusu milimita kabla ya mpaka, alafu hatua za mikroni 200 kwenda chini. Kila sehemu piga mara 4, pigo la kwanza litupe maana linasafisha uchafu wa kusagia, matatu yanayobaki weka wastani. Usipige zaidi, ukizidisha unarudi kwenye kuchimba. Fanya mistari mitatu sambamba, sio mmoja, ili kama mmoja umepita juu ya mpaka wa punje wengine wakuambie. Ukifika mwisho piga pia sehemu ya chini kabisa isiyo na nikeli, hiyo ndo sifuri ya mwanga wako na utaitoa kwenye kila pointi. Usipoitoa vizuri mkia wa grafu unalala badala ya kushuka.

Hesabu

Badilisha umbali kuwa kina kwa ule mteremko wa maikromita, chora logi asili ya uwiano dhidi ya x². Tuseme sampuli ya 900 °C, saa 24, mteremko umetoka −0.00037 kwa mikroni ya mraba. Basi 4Dt ni 1/0.00037, karibu mikroni mraba 2703. Muda ni sekunde 86,400. D = 2703 × 10⁻¹² / (4 × 86,400), inakuja 7.8 × 10⁻¹⁵ m² kwa sekunde. Vitabu kwenye joto hilo vinakupeleka karibu 7.9 × 10⁻¹⁵, kwa hiyo ukipata namba ya aina hiyo uko mahali pake.

Sasa toa sampuli ya sifuri kabatini, ikate mshazari vilevile, ipige vilevile. Kwa haki nikeli ingeonekana kwenye nusu mikroni basi, lakini itaonekana imetanuka, labda mikroni 4, hiyo ni doa la leza, kupakazika na mapigo kuchimba kidogo. Mtanuko huo unauondoa kwa skwea: 2Dt halisi ni skwea ya upana uliopima kutoa skwea ya upana wa sifuri. Kwenye mfano wetu ni 1351 (nusu ya 2703) kutoa 16, asilimia moja na kidogo, haikutikisi. Ukikuta sifuri yako ina upana wa mikroni 15, 225 sio ya kupuuza, rudi ukasage upya kabla haujalaumu kitu kingine.

Angalia pia mkia. Kama mstari umenyooka vizuri mwanzoni alafu mbali kabisa unakaa juu ya mstari, na una uhakika mwanga wa nyuma umeutoa, hiyo ni nikeli iliyopita kwenye mipaka ya punje. Pima mteremko kwa sehemu ya mwanzo tu. Na kama ni sehemu ya mwanzo ndo imelala, pointi mbili tatu za kwanza, hapo ni mstari wa nikeli uliojaa au ukingo uliomomonyoka.

Ukishakuwa na D za joto nne au tano, chora logi asili ya D dhidi ya 1/T, T ikiwa kelvini (ongeza 273 kwenye selsiasi, watu wanasahau hadi leo). Mteremko ukizidishwa kwa 8.314 na kubadilishwa alama ndo nishati ya kuhama, itafute karibu kilojouli 236 kwa moli. Pointi ya joto la chini ikikaa juu ya mstari wa wenzake mara nyingi ni mipaka ya punje tena, na pointi moja ya katikati ikiruka peke yake kaangalie kwanza daftari la tanuru siku ile, alafu namba za maikromita za hicho kidiski, leza iwe ya mwisho kabisa kuishuku.